Daftari Letu la Ndege na Nondo

Watu wa Ulaya wana majira manne, na katika vitabu vyao twasoma sifa nyingi za yale majira ambayo theluji hukoma na majani hurudi mitini. Sisi wa Katanga twahesabu mawili tu, ya mvua na ya kiangazi. Lakini mtu akitembea porini mwezi wa tisa ataona kwamba kati ya hayo mawili kuna kipindi kifupi ambacho hatukukipa jina. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa nne au wa tano. Vumbi limejaa njiani, vijito vimekauka, jua ni kali. Hata hivyo miti ambayo wenyeji huiita mutondo na muputu yatoa majani mapya, nayo hayaanzi kuwa ya kijani. Huanza mekundu, rangi ya shaba iliyosuguliwa, hata mgeni hudhani kwamba kilima kizima kimeshika moto. Ndipo ndege wa mbali wanapofika, na nondo wanapoanza kutoka udongoni.

Habari zetu leo ni za kipindi hicho. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiandika katika daftari ndege na nondo tunaowaona wakati huo ukingoni mwa ziwa Tshangalele. Twataka kueleza jinsi tunavyofanya, ili wengine nao wajaribu. Tena twataka kuungama kosa tulilofanya katika daftari hilo, kwa maana lilileta hasara kwa watu wasio na kitu, nao wametupa ruhusa kulisimulia.

Twaishi Lubumbashi, na kazi yetu ni kufundisha dini. Lakini mjomba wetu anakaa Kapolowe, kwenye njia ya Likasi, mahali ambapo Wabenediktini, waliofika Katanga mwaka 1910, walikuwa na misheni yao. Bahari iko mbali nasi mno. Ziwa hili ndilo pwani yetu. Wala si ziwa la tangu kuumbwa ulimwengu. Lilitokea watu walipouzuia mto Lufira kwa bwawa huko Mwadingusha, wapate umeme kwa kazi ya shaba, na mitambo ilianza kazi mwaka 1930. Maji yakafunika mbuga na miti. Wavuvi wakaja, matete yakaota, ndege wakajaa. Mwaka 1982 UNESCO ililiandika bonde la Lufira katika hesabu ya hifadhi zake za ulimwengu, ambamo watu na viumbe vingine hutakiwa kuishi pamoja bila kuharibiana.

Vifaa vyetu ni vichache. Tuna daftari la shule, kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huharibiwa na umande, darubini moja ya zamani ambayo jicho lake la kushoto halioni, shuka nyeupe, na taa ya jua. Tulipoanza, mwezi wa tisa mwaka 2021, tulikuwa watu wanne: sisi tunaoandika haya, na vijana watatu wa kwaya. Mmoja hutazama, mmoja huhesabu, mmoja hushika taa, nasi huandika. Kila ukurasa una tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, jina la kiumbe, idadi yake, na jina la aliyemwona. Jambo hili la mwisho tuliliweka tangu mwanzo, ili kila mtu awajibike kwa macho yake. Mtaona baadaye jinsi lilivyotuhukumu.

Kuhusu majina, Kilatini tulichokisoma seminari kimetusaidia kuliko tulivyotazamia. Hatukupata upadri, na kwa miaka mingi tulidhani Kilatini kile kimekwenda bure. Lakini wataalamu wa ulimwengu wote huwaita ndege na wadudu kwa Kilatini, na mara nyingi jina lenyewe laeleza mnyama. Mbayuwayu anayetujia kutoka Ulaya ni *Hirundo rustica*, yaani mbayuwayu wa shamba. Yule kekeo anayeita kwa sauti tatu zinazoshuka, kutwa nzima bila kuchoka, ni *Cuculus solitarius*, maana yake mpweke. Na kweli husikika siku nzima asionekane. Kirukanjia mmoja wa porini kwetu, ambaye dume lake hukokota unyoya mrefu mweupe kila bawa wakati wa kutafuta jike, jina lake ni *vexillarius*, mshika bendera. Vijana walipomwona mara ya kwanza jioni juu ya njia walikimbia, wakidhani ni ndege wa wachawi. Tuliwaambia jina lake, wakacheka, na tangu siku hiyo humwita Bendera.

Sasa tuwaeleze mfuatano wa wageni hao kama ulivyo katika kurasa zetu.

Wa kwanza ni mwewe mwenye mdomo wa manjano. Hufika mwezi wa nane, wakati wa mioto ya porini, akawinda panzi na panya wanaokimbia moto. Baada yake, kuelekea mwisho wa mwezi wa tisa, huja mbayuwayu. Mwaka 2021 tulimwona wa kwanza tarehe 28 Septemba, akiruka chini chini juu ya maji. Mwaka 2022 tarehe 3 Oktoba. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, nao si mzito kuliko barua. Kwao amejenga chini ya paa la zizi la mkulima, naye amevuka bahari ya kati na jangwa la Sahara hata kufika hapa kuketi juu ya waya wa Kapolowe. Kwetu yeye ni ishara ya mvua inayokaribia. Akituacha mwezi wa tatu au wa nne, kwao huwa ishara ya baridi kwisha. Ndege ni yule yule, na sehemu zote mbili humngoja kwa furaha.

Wakati huo huo hupita juu ndege wala-nyuki wa Ulaya, makundi makundi, na mara nyingi husikika kabla ya kuonekana. Mwezi wa kumi kekeo huanza kuita. Kwenye matete dudumizi hulia kama maji yanayomiminwa kutoka chupani, na wazee wa kijiji husema anaita mvua. Kisha hufika makorongo, wakitembea polepole mbugani kama mapadri wazee wanaosali brevyari. Nabii Yeremia aliwataja korongo na mbayuwayu akiwaonya watu wake, kwamba ndege wanajua majira yao lakini wao hawamjui Bwana. Tulikuwa tumelifundisha neno hilo mara nyingi. Sasa twawafundisha watoto tukiwaonyesha tarehe katika daftari, nao huelewa upesi.

Lakini mtu ataweza kuuliza: faida ya kuandika ni nini? Ndege watakuja tu, tukiandika tusiandike. Nasi tuliulizwa hivyo na mjomba siku ya kwanza. Tulimjibu kwa habari ya mnana wa ziwa lake mwenyewe.

Mwaka 1960 mtaalamu Mbelgiji, Jean-Claude Ruwet wa Chuo Kikuu cha Liège, alikuwa akichunguza ndege wa ziwa hili. Mwaka 1965 kazi yake juu ya ndege wa nyanda na bwawa la Lufira ya juu ilichapishwa. Kati ya ndege alioshika alikuwamo mnana mmoja, wa manjano mwenye uso mweusi. Miaka ikapita. Mwaka 1982 wataalamu wengine, Louette na Benson, walimtazama ndege yule aliyehifadhiwa, wakaona kwamba ni wa aina ambayo haikupata kuandikwa, wakampa jina la *Ploceus ruweti* kwa heshima ya Ruwet. Kisha kimya tena. Katika vitabu vya dunia ndege huyo alikuwa kama amepotea, mpaka taarifa ilipochapishwa mwaka 2009 kwamba ameonekana tena papa hapa. Hakuwa amepotea hata siku moja. Watoto wa Kapolowe walipita chini ya viota vyake wakienda kuteka maji. Ila hakuna aliyeandika.

Mjomba alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe sisi tulikuwa naye, na hatukujua kwamba tunaulizwa." Toka siku hiyo akawa ndiye anayetupa chakula na mahali pa kulala. Sisi wenyewe minana tunaowaona nje ya majira ya viota huwaandika "mnana" tu, kwa kuwa wakati huo hufanana mno, na kukisia jina ni rahisi kuliko kulithibitisha. Tulijivunia uangalifu huo. Hatukujua kwamba kiburi kilikuwa kimeketi mlangoni.

Tuje sasa kwa nondo, maana kosa letu lilikuwa huko.

Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa vinkubala ni nini. Wa mbali na ajue kwamba ni viwavi vya porini, ambavyo hukaushwa na kuliwa pamoja na bukari, na sokoni vina bei nzuri. Profesa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya vyakula vya msitu wetu wa miombo, na humo vinkubala vina mahali pa heshima. Kuna vya aina nyingi. Vile vinavyoitwa tunkubiu, kwa mfano, ni watoto wa nondo aitwaye *Elaphrodes lactea*, na neno la pili maana yake ni wa maziwa. Lakini wengi hula viwavi wasikumbuke kwamba kila kimoja kilitoka katika yai la nondo, na kwamba kisipoliwa kitakuwa nondo.

Wale nondo wakubwa, wenye mabawa ya upana wa kiganja na madoa kama macho, maisha yao ni ya ajabu. Kiwavi akishiba hushuka mtini, akajichimbia udongoni na kujifunga katika ganda, akakaa humo kiangazi chote. Mvua za kwanza zikikaribia, hutoka akiwa na mabawa. Tangu hapo hali kitu, maana kinywa chake hakifai kwa kula. Ana siku chache tu. Jike hutoa harufu ambayo dume huisikia kutoka mbali kwa pembe zake zilizo kama manyoya. Hukutana, jike hutaga mayai juu ya majani, nao hufa. Mwezi mmoja na nusu hivi baadaye viwavi vimenenepa, na akina mama wanaingia porini na ndoo zao.

Kwa hiyo anayehesabu nondo mwanzoni anaweza kukisia mavuno ya viwavi. Si hesabu ya hakika, kwani mvua, ndege na nyigu huchukua sehemu yao. Lakini ni dalili.

Mahali petu pa taa ni chini ya kichuguu kikubwa, nusu saa kwa miguu kutoka ziwani. Wote wajua vichuguu vya Katanga, virefu kuliko nyumba. Wataalamu walipima umri wa vichuguu kadhaa katika miombo karibu na Lubumbashi, na katika taarifa yao ya mwaka 2015 walisema kimoja kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kilikuwapo, basi, kabla Bwana wetu hajazaliwa Bethlehemu. Hatujui umri wa hiki chetu, ila twakiheshimu. Twatundika shuka kati ya miti miwili, twawasha taa mbele yake, twakaa. Usiku wa mwezi mpevu haufai, maana nondo huja wachache. Hivyo twachagua giza la mwezi.

Mwanzoni mwa Novemba 2021 tulikaa usiku tatu. Usiku wa kwanza walikuja nondo wakubwa 9, wa pili 17, wa tatu 51. Usiku ule wa tatu shuka ilifunikwa hata vijana wakaogopa kutembea, wasije wakawakanyaga, na kirukanjia Bendera alipita mara kwa mara katika mwanga akiwadaka hewani. Tuliporudi Lubumbashi tulisoma hesabu hiyo mbele ya kikundi cha akina mama wa parokia, kwa furaha tu, bila kusudi lingine. Wao wakaitafakari kuliko sisi. Mwezi wa kumi na mbili walikodi kamyo, wakaenda, wakarudi na magunia. Watoto kadhaa walilipiwa shule kwa vinkubala vile. Tukaanza kusifiwa. Watu walitusimamisha barabarani wakituita Mwalimu wa Nondo.

Mwaka uliofuata mama prezida wa kikundi, mjane mwenye watoto watano, alitujia mwenyewe mwezi wa kumi. Akasema, "Mwalimu, safari hii tutakungoja. Ukisema wako, tutatoa pesa ya kamyo mapema, bei haijapanda." Tukamjibu kwamba asiwe na shaka.

Tulikwenda mwishoni mwa Oktoba, kwa giza la mwezi. Usiku wa tarehe 24 walikuja nondo wakubwa 4. Usiku wa tarehe 25 walikuja 3. Tulifadhaika. Vijana walianza kusema labda taa ni mbovu. Tarehe 26 tulitembea kutwa kuhesabu ndege ziwani. Jioni tukatundika shuka, tukawasha taa, na kabla ya saa tatu ya usiku sote tulikuwa tumelala. Hakuna aliyekesha. Tulipoamka, jua lilikuwa limetoka, shuka ilikuwa na umande na wadudu wadogo, na taa ilikuwa imezimika.

Tulikaa na daftari magotini. Ukurasa wa usiku wa tatu ulikuwa mweupe. Tulikumbuka kwamba mwaka jana usiku wa tatu ndio uliokuwa mkubwa. Tukajiambia: bila shaka walikuja tukiwa usingizini, nondo hawaachi kuja kwa sababu mtu amelala. Tukafikiri juu ya mama prezida anayengoja, na jina letu jipya mjini. Kalamu ilikuwa mkononi mwetu, si mwa vijana. Tukaandika: 52. Mahali pa jina la aliyewaona tukaandika "wote". Kijana mdogo kuliko wote alituangalia, akainamisha kichwa, akaanza kukunja shuka.

Wasomaji, tumewafundisha watoto mara nyingi kwamba uongo mdogo ni dhambi ndogo. Fundisho ni sahihi. Lakini mtu asemapo uongo hajui bado ukubwa wake.

Akina mama 14 walitoa kila mmoja franka 25,000. Wengine walikopa. Katikati ya Desemba kamyo iliwachukua mpaka njia inapoishia, wakaingia porini kwa miguu, wakalala humo usiku nne. Walirudi na ndoo mbili na nusu, watu 14. Mtoto wa mmoja wao alipata homa porini. Ile pesa ilikuwa ya Noeli, ya ada ya shule na ya chakula, na yote ilikwenda kwa mwenye kamyo.

Mama prezida alikuja nyumbani siku ya Jumapili baada ya Misa. Hakugomba. Aliomba kuliona daftari, akafungua ukurasa, akaweka kidole.

"Mwalimu, hawa 52 mliwaona kwa macho?"

Tulimwambia, "Hapana, Mama. Tulilala."

Akauliza tena, "Na hawa 4 na 3?"

"Hao tuliwaona."

Akafunga daftari. Akasema, "Basi kitabu kilikuwa kimetuambia kweli mara mbili, na wewe ukakifunga kinywa." Akaenda zake.

Tulikwenda kuungama, na padri alitupa kitubio. Lakini alisema pia kwamba mwenye kuwahasiri watu anadaiwa, na deni hilo halifutwi kwa Salamu Maria tatu. Tuliuza baiskeli yetu, na kilichosalia tukalipa kidogo kidogo hata Pasaka ya mwaka 2023. Tulipompa mama prezida pesa ya mwisho tulitumaini atasema, yaishe. Hakusema hivyo. Alisema, "Sasa tupeni na sisi kurasa katika daftari. Ninyi mnajua kuhesabu nondo kwenye shuka. Sisi twajua mambo mengine."

Na kweli waliyajua. Ndio waliotufundisha kwamba taa ni dalili ya kwanza tu. Baada ya wiki mbili hivi mtu aende akageuze majani ya matawi ya chini, atafute mayai. Baadaye atazame ardhi chini ya miti, kwa maana mavi ya viwavi huanguka kama punje nyeusi, na kwa wingi wake na ukubwa wa punje mama mzoefu hujua viwavi vilivyo juu ni vingi kiasi gani na vimefika umri gani, bila kupanda mti. Wanajua pia ni mti gani hupendwa na kiwavi gani. Haya yote walikuwa nayo vichwani, na hakuna aliyewauliza, kama vile mjomba na mnana wake. Sisi wenye shule tulikuwa tumewafanya wasikilizaji wa hesabu zetu.

Nao ndio waliotafuta sababu ya wale 4 na 3. Waliuliza kijijini. Mwezi wa tisa wa mwaka 2022 moto ulikuwa umepita porini pale, moto wa mwisho wa kiangazi, wakati majani yamekauka kabisa. Moto wa mwezi wa tano au wa sita hupita polepole, kwani majani bado yana unyevu. Lakini ule wa mwezi wa tisa hula kila kitu na kupanda mitini. Tena sehemu kubwa ya mutondo ilikuwa imekatwa kwa kuchoma makaa, ambayo sisi Lubumbashi twaita makala. Kiwavi hana jani, nondo hana mahali pa kutaga.

Hapo tulitaka kuwalaumu wachoma makala. Kijana yule mdogo, aliyekunja shuka, akatuuliza nyumbani kwetu tunapikia nini. Twapikia makala, kama karibu mji wote. Basi tukafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, tukaanza kuandika huko kila gunia linaloingia jikoni kwetu, tarehe na bei. Yalikuwa mawili kwa mwezi. Hatujaacha, umeme haukai, na watoto lazima wale. Lakini kwa mbabula ya udongo inayotunza moto tumefika gunia moja na nusu. Ni kidogo. Tumeandika kidogo hicho kama kilivyo.

Mwaka 2023 tulikwenda tena kwa giza la mwezi wa Novemba, na mama wawili wa kikundi walikuwa pamoja nasi. Tulipanga zamu za kukesha, saa mbili mbili, na kila zamu iliandika yenyewe. Usiku wa kwanza nondo wakubwa 11. Usiku wa pili upepo na mvua, tukaandika: "Hakuna." Usiku wa tatu 19. Tulirudi mjini na hesabu hiyo ya wastani, na mama prezida akasema kamyo isikodiwe. Mwisho wa mwezi wawili walikwenda kwa basi kutazama majani. Walikuta mayai upande mmoja tu, karibu na makaburi ya zamani ya kijiji, ambapo watu hawakati miti na moto haukufika. Basi wakaenda watu sita badala ya 14, na kila mmoja akarudi na mzigo wake. Hayakuwa mavuno ya mwaka 2021, lakini hakuna aliyepata hasara. Nao wazee wa kijiji, mjomba wetu akiwa kati yao, wamekubaliana kuchoma majani mapema, mwezi wa tano, kuzunguka sehemu ile, ili moto wa mwezi wa tisa usipate cha kula.

Ukurasa wa tarehe 26 Oktoba 2022 haukuchanwa. Vijana walitaka tuuchane, mama prezida akakataa. Tumepiga mstari juu ya ile 52, lakini yasomeka bado, na chini yake tumeandika: "Si kweli. Tulilala." Anayejiunga nasi huonyeshwa ukurasa huo kwanza, kabla ya kupewa darubini.

Papa Fransisko, katika barua yake *Laudato si'* ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, si kwa sababu ya faida yake kwetu tu. Tulikuwa tumeisoma barua hiyo na kuifundisha. Sisi tulijifunza neno hilo upya tulipomgeuza nondo kuwa namba ya kutupatia sifa. Aliyekuja kwenye shuka alikuwa kiumbe wa Mungu mwenye siku chache za kuishi. Asiyekuja naye alikuwa na habari ya kutuambia.

Wasomaji wapenzi, kama mnataka kuanza, anzeni na kidogo. Chukueni daftari moja na mahali pamoja, hata ukingo wa kijito nyuma ya nyumba. Andikeni tarehe ya mbayuwayu wa kwanza, na siku kekeo aliposikika. Washirikisheni akina mama na wavuvi, msiwaache wazee, kwa maana wanajua majina. Andikeni jina la aliyeona. Na usiku ambao hamkuona kitu, andikeni "Hakuna", na usiku mliolala, andikeni "Tulilala." Muumba aliyewahesabu nyota hahitaji kuongezewa nondo na sisi.

Mwezi wa tisa ukifika, miti itageuka shaba tena. Mjomba ametuma salamu kwamba shuka imefuliwa.